Sahani ya Bati

Nyumba yetu ya Chang'ombe ina vyumba sita na bomba moja,
na bomba hatulifungi.
Tukilifunga, tutajuaje?
Ratiba ya mgao ilisema Jumanne.
Jumanne ikaja na vumbi lake, ikapita.

Basi chini ya bomba tumeweka sahani ya bati,
ile yenye ua jekundu lililobanduka nusu.
Tone la kwanza likidondoka, inalia: ti.
Si sauti kubwa. Lakini mwaka wa nne huu
nalala na sikio moja tu kitandani;
jingine liko uani, limechutama.

Kabla ya maji huja upepo.
Bomba linakohoa, linafoka,
mita inazunguka kama feni,
na mwisho wa mwezi tunalipia kikohozi.
Baba Ijengo alikwenda ofisini kuuliza
upepo ni uniti ngapi.
Wakampa fomu ajaze.

Kwetu maji hayafi mara moja.
Yaliyoosha mchele yataosha vyombo,
yaliyoosha vyombo yatapiga deki,
ya deki yatakwenda chooni,
isipokuwa kikombe kimoja, cha mwisho, cheusi,
anachokichota Bi Yeledi kabla hajalala
akamwagia mzabibu wake kwenye kona ya ukuta.
Mzabibu una miaka mitatu na majani tisa.
Tukimcheka, anasema:
"Kwetu Bahi tulifukua mchanga wa korongo mpaka kiwikoni,
tukakaa kungoja jicho lijae.
Nyie mnangoja chuma."

Mwanangu Nyemo, darasa la tatu,
hesabu ya madumu anaijua kuliko ya shule:
"Mama, mashati mawili ni nusu dumu.
Nitavaa hilihili."

Alhamisi ile akaja shemeji kutoka Mpwapwa,
bila taarifa, na kiroba cha karanga na njaa ya safari.
Sahani zikapungua moja.
Sikumbuki nani
(wote sasa hatukumbuki)
alikwenda uani, akaifuta kwa upindo wa khanga,
akampakulia mgeni ugali na mlenda juu ya ua jekundu.
Akala. Akasifu. Akalala.
Sahani nayo ikalala ndani, kwenye kapu la vyombo,
usiku wake wa kwanza wa raha.

Saa nane, nadhani, maji yalikuja.
Yalishukia udongo,
na udongo hausemi ti.
Udongo unameza.

Alfajiri tuliamshwa na kuku.
Walikuwa wanakunywa, wanainua shingo, wanakunywa,
uani kwetu, penye ziwa dogo lenye anga ndani yake.
Bomba lilikuwa limeshanyamaza.
Vyumba sita vikatoka na ndoo tupu,
tukasimama ukingoni kama watu wa msibani.
Wanasema mji huu ulipata jina kwa tembo
aliyekuja kunywa, akadidimia.
Nililitazama lile tope.
Nikamwelewa tembo.

Hakuna aliyemgombeza shemeji.
Tulichutama, tukachota kwa vikombe, kwa mifuniko,
tukachuja kwa kitenge,
Baba Ijengo akitukana polepole kwa Kigogo
ili watoto wasielewe,
watoto wanaokijua Kigogo kuliko yeye.
Tukapata madumu manne na nusu, rangi ya chai ya maziwa.
Shemeji alichota kuliko sote,
suruali kaikunja magotini,
hajui kwa nini hakuna anayemtazama.

Bili ilipokuja tuliigawa kwa sita.
Usiku ule ulikuwa humo, uniti kwa uniti,
bila kueleza zilinywewa na nani.

Mwezi wa kumi na moja nilimkuta Bi Yeledi kwenye kona,
kasimama kimya, kikombe chake hakijamwagwa.
Mzabibu ulikuwa umeuvuka ukuta.
Una kichala kimoja,
kibichi, kigumu kama shanga.
Hakuniambia kitu.
Aliniangalia,
halafu akaitazama sahani chini ya bomba
kama mtu anayefikiria kualika mgeni.