Risasi

Kitanda nilikipaka mwenyewe,
msimu ule korosho zilipolipa mkupuo wa pili,
Somoe akiwa bado tumboni, mwezi wa saba.
Fundi wa Tandahimba alikiranda vizuri,
mninga hauna kosa.
Kosa ni langu, na la kopo lisilo na jina
nililouziwa nusu bei nyuma ya stendi:
njano kali, kiini cha yai la kienyeji.
"Hii haipauki, kaka, hata uianike juani."
Kweli. Haijapauka.

Fizi zilipoanza kumwasha
alisimama, akashika ubao wa juu kwa mikono miwili,
akautafuna kama muwa.
Tulicheka. Mama yake akasema,
huyu atatumalizia fanicha.
Rangi ile, naambiwa sasa, ina utamu wake.

Kisha akawa mtu wa kununa.
Tumbo gumu, choo cha tabu.
Maneno aliyokwisha kuyajua,
maji, paka, njoo,
akayarudisha moja moja
kama mtu anayelipa deni.
Tukampa dawa ya minyoo. Tukamvisha hirizi.

Ligula wakachukua damu, ikaenda Dar,
ikakaa huko wiki tatu.
Daktari akatukalisha, akasema polepole:
"Mtoto ana risasi kwenye damu."

Bibi yake, Asumini,
aliyevushwa Ruvuma mgongoni mwa mama yake usiku wa vita,
akamfunua mtoto kanga, akamgeuza,
mgongo, kwapa, nyayo,
akitafuta tundu.
"Nani kampiga?"

"Si ya bunduki, bibi. Ni ya rangi."
Bibi hakusikia, au hakutaka.
"Nauliza, nani kampiga?"
Mimi nilikuwa natazama kucha zangu.

Nilitaka kukichoma. Wakasema moshi wake nao ni sumu.
Nikashika msasa. Wakasema vumbi ndilo baya zaidi.
Basi nimekifunga turubai, kimesimama uani
kama mgeni asiyeaga,
na kwenye ubao wa juu, ukipapasa gizani,
vishimo vinne vya meno,
viwili juu, viwili chini.

Somoe analala mkekani katikati yetu.
Juzi alisema "paka". Au alikohoa tu,
mimi na mama yake hatujakubaliana.

Jirani ameshakiulizia mara mbili:
mkwewe ana mimba,
na njano, anasema, inachangamsha chumba.