Tundu la Kifungo

Miaka thelathini na minne nimetumikia vifungo
katika duka lenye upana wa mlango na nusu,
mjini Łódź, ambako viwanda vya nguo vilinyamaza
kimoja baada ya kingine, kama wageni wanaoaga arusini.
Hakuna aliyenihukumu. Nilijifunga mwenyewe.

Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni,
nateremsha pazia la bati, napanda tramu hadi maktaba,
navua glavu, nakaa safu ya mbele
kwa kuwa kutoka nyuma ubao wote ni ukungu.
Mwalimu ni Gniewko, ana miaka ishirini na mitatu
na koti lisilo na kifungo cha tatu.
Niliona siku ya kwanza. Nikanyamaza.
Mwanafunzi haanzi kwa kumkosoa mwalimu.

"Hifadhidata," alisema, akichora masanduku,
"ni mahali ambapo kila kitu kina anwani yake."
Wenzangu wakaandika: Ireneusz wa asali,
Dobrochna mshona mapazia,
wale ndugu wawili wa baiskeli wanaogombana kwa kunong'ona.
Mimi niliweka kalamu chini.
Nina droo mia nne na kumi na mbili,
na usoni mwa kila droo nimeshona kifungo kimoja
kuonyesha vilivyomo ndani.
Kumbe nilikuwa msomi, ila sikuambiwa.

Lakini msimbo hauna ubinadamu wa kaunta.
Mteja akisahau neno, unamkisia, mnacheka.
Mashine, ukisahau nukta-mkato moja tu,
inakutazama kama karani wa kodi.
Usiku mmoja nilifungua mabano saa tatu
nikaja kuyafunga saa saba,
na katikati chai ilipoa mara mbili.

Kisha nikatengeneza kitufe. Cha bluu,
chenye pembe za mviringo, kimeandikwa NUNUA.
Nikakibofya. Kimya.
Nikakibofya tena, kama anayebisha hodi nyumba iliyohamwa.
Gniewko akainama nyuma ya bega langu:
"Umekichora tu, Bi Otylia. Hujakiunganisha na kitu."
Nikacheka hadi msimamizi wa maktaba akageuka.
Mimi! Mimi wa kusahau
kwamba kifungo bila tundu ni pambo!

Wiki ya masoko tulilipia matangazo.
Zloti zangu arobaini zikaenda,
watu elfu tatu mia moja na sita wakapita,
hakuna hata mmoja aliyefuta miguu mlangoni.
"Unamuuzia nani?"
"Kila mwenye nguo."
"Basi humuuzii mtu."
Lilinichoma. Marehemu Zenobiusz alikuwa akiniambia hivyo hivyo,
tena bila adabu.

Nikapiga picha kifungo kimoja, yatima,
cha pembe ya ng'ombe, chenye ufa mwembamba kama unywele,
nikaandika chini yake:
Nani anawajua ndugu zake?

Siku nne. Theluji. Mabomba ya joto yakigonga ukutani.
Siku ya tano simu ikatetemeka juu ya kaunta
kati ya mkasi na kisahani cha pini:
mwanamke wa Gdynia, koti la baba yake,
vifungo vitano vipo, cha sita kilidondoka mazishini.
Bei zloti mbili. Posta zloti kumi na mbili.
Alibofya kile kitufe cha bluu.
Kikashika.

Nilikizungushia karatasi laini, nikaandika anwani kwa mkono
ingawa mashine ingeweza kuichapa.
Sijatajirika. Hesabu za Februari bado zinauma,
na ule ukurasa wangu, ukiutazama kwenye simu ndogo,
maneno yanapandana kama abiria wa tramu ya asubuhi.

Ila Alhamisi nilimpelekea Gniewko sindano, uzi mweusi,
na kifungo kutoka droo ya mia mbili na tisa.
"Vua koti," nikamwambia. "Leo nafundisha mimi."
Akajidunga mara mbili, akalaani chini chini,
akauliza: hivi, fundo linakaa upande gani?