Kitenzi

Entebbe, siku ya nne. Kibanda cha wakalimani
kina joto la tanuri, na inzi wa ziwani
wamejibandika kwenye kioo hadi wajumbe
wote wanaonekana wana madoa.

Tumekwama kwenye kitenzi.
Hawa wanataka kukomesha.
Wale wamekubali kusitisha, tena kwa muda,
na mashine zao, huko chini ya mlima,
zinazunguka
huku sisi tukifunua kamusi.

Nyakaisiki anazima maikrofoni.
"Odongkara, hilo bomu lina uzito gani?"
Sijui. Faili halisemi. Faili lina asilimia,
lina viambatisho vitatu na ramani;
halina jina la mtu hata mmoja anayeishi kwenye ramani.

Mimi ni wa Kitgum.
Kwetu vita vilisitishwa mara nne
kabla sijamaliza shule ya msingi.
Kila viliposita mama alipanda ufuta.
Mara nne alipanda.
Uliovunwa, aliuvuna mwenye bunduki.

Basi mtu asinifundishe tofauti ya maneno haya.

Saa kumi alasiri umeme unakatika, jenereta inakohoa,
chai inapita na karanga zake,
na yule mjumbe mwenye tai ya kijani anarudia, polepole,
kana kwamba anamtajia mtoto bei:
kusitisha.

Ulimi unaijua njia ya mkato.
Silabi nne kwa silabi nne, nani angegundua?

Natafsiri alivyosema. Ndiyo kazi.
Ila sauti inapasuka katikati ya neno,
na ukumbi mzima, vichwa mia moja na kitu,
unageuka kutazama kioo.