Gari la Bi Shinuna

Wadi Kabir, nyuma ya maduka ya matairi,
ipo gereji isiyo na kibao.
Wanaoijua hufuata harufu ya oili na iliki,
maana birika la Shaji halishuki motoni.

Kazi yangu daftari. Spana siziwezi.
Naandika jina, mtaa, ugonjwa wa gari,
na mwisho wa mstari, alichoweza mtu.
Msabah, mlinzi wa usiku: riali mbili.
Mama wa mapacha: trei ya mayai, moja limevunjika njiani.
Sleyum, ambaye teksi ndiyo unga wake: "Mwezi ujao, inshallah,"
na mwezi ujao akaja kweli,
na deni, na tende juu ya deni.
Wengine sikuwaandikia kitu.
Nafasi tupu nayo ni hesabu.

Bi Shinuna binti Zahor alishuka kutoka Amerat
Agosti, saa nane mchana,
jua limekaa juu ya boneti kama mdai.
Korola nyeupe ya mwaka tisini na sita,
inachechemea, inakohoa, inafuka.
"Mlima umetushinda," akasema,
kwa Kiswahili cha Wete
ambacho miaka arubaini ya Maskati haijakitoa chumvi.
"Si mimi. Huyu."
Akaigonga boneti kwa kiganja, polepole,
kama anayempiga mtoto mgongoni ili acheue.

Miaka sita gari hilo lilimpeleka mumewe kusafishwa damu,
mara tatu kwa wiki, alfajiri,
yeye usukani, mzee kulia
na mto wa sufi nyuma ya kiuno.

Shaji akafungua. Akanyamaza.
Fundi akinyamaza, karani huweka kalamu chini.
Silinda hedi imepasuka, maji yamekutana na oili,
rangi yake ile ile ya chai ya Shaji.
Akanitazama mimi.
Kiarabu chake ni cha vipuri tu,
na habari hii ilitaka Kiswahili.

Gereji yetu ni ya bei nafuu, si ya miujiza.
"Bibi," nikaanza, "gari lako..."
"Limekufa," akanimalizia.
"Nimekosha maiti wangapi, mwanangu?
Mfu nikimwona namjua."
Akacheka. Kisha kicheko kikamkatikia mkononi.
Akafungua mlango wa kulia, si wa dereva,
akaingia, akaufunga.
Shaji akazima redio.
Tukajifanya tunatafuta nati chini ya meza.

Alipotoka aliniambia, "Andika."
Betri kwa Msabah.
Alteneta kwa huyo mwenye teksi, inalia sana ile yake.
Rejeta nilibadilisha Ramadhani, bado mpya,
mpe mwenye watoto wawili.
Mlango wa kulia na kiti chake
yeyote, ila visitenganishwe.
Nikauliza bei, kwa mazoea ya kazi.
"Mirathi haina bei," akasema,
akadai mto wake wa sufi,
akautia kwapani, akaenda kutafuta basi.

Novemba nilipanda na Sleyum kiti cha nyuma.
Jumatatu humpitia Bi Shinuna kwa daktari wa macho;
nauli hataki, akipewa hukasirika.
Bibi akaingia mbele.
Akakaa, akasita,
akajisogeza kushoto kidogo,
pale springi inapobonyea.
Hakusema kitu. Sleyum hakujua kitu.
"Samahani kwa kioo, Bibi, kibovu hicho,
tangu waniwekee mlango huu sijakiweza."

Akaweka kiganja juu ya kioo,
akakisukuma nje kidogo, akazungusha nusu.
Kikashuka chote.
"Ukikilazimisha hakitaki," akasema.

Daftari lilikuwa magotini mwangu.
Upepo ukalifunua kurasa, ukalifunga.
Mlima tukaupanda kwa gia ya pili.