Bei ya Mwezi wa Tatu

Usinunue randa Masasi mwezi wa kumi na moja.
Korosho imelipwa,
na muuza nyundo wa Mkuti anakutazama miguuni kwanza
aone kama viatu ni vipya.
Nyundo ya elfu nane inaitwa elfu kumi na tano,
na ukiuliza mara mbili anageukia redio.

Njoo mwezi wa tatu.
Ghala limefagiliwa, mvua inagonga mabati,
kila nyumba ina daftari la deni dukani,
na muuzaji yule yule atakuita dada yangu
kabla hujaruka mtaro.

Nimeyajua haya kwa kupigwa.
Mwaka ule nilitaka drili ya betri,
ile ya kijani, isiyofungwa mkia ukutani,
kwa kuwa Chiungutwa, nilikokuwa napachika milango,
umeme ulikuwa bado nguzo tupu.
Chipwaza akanishikisha. Nyepesi!
Akabonyeza: vuuu, kama nyuki ndani ya chupa.
"Themanini. Kwako wewe sitini na tano,
mafundi wanawake mko wangapi?"
Nikalipa. Kumbe na sifa zilikuwa ndani ya bei.

Ikatoboa mashimo manne.
La tano ikaguna,
ikalala na jino lake ndani ya mninga.
Betri mpya? Elfu tisini, Mtwara mjini, ikiwapo.
Wala usiazime ya jirani:
kila mashine ina mama yake,
hainyonyi kwa mwingine.

Tangu hapo nina adabu zangu sokoni.
Patasi naigonga kwa ukucha, nasikiliza.
Chuma hulia kirefu.
Bati lililopakwa rangi hujibu tk, likanyamaza.
Msumeno nauchungulia kwa jicho moja
kama ninayemlenga mtu.
Drili naiwasha, nahesabu mpaka mia mbili,
Chipwaza anahama mguu huu, anahamia ule.
"Dada, unanimalizia chaji."
"Chaji ndiyo ninayonunua, kaka. Hilo ganda nitalifanyia nini?"

Mwaka huu, mwezi wa tatu, matope mpaka kifundoni,
mama mmoja alitandika kiroba pembeni ya wauza mchicha.
Juu yake kitu kimoja tu.
Keke ya mkono, ya zamani,
kichwa chake cha mpingo kimelainishwa
na kifua cha mtu mmoja, miaka mingi.
Pembeni, kwa ncha ya msumari: N.M.
"Elfu tano," akasema. "Ya marehemu Nampembe.
Mimi sijui hata inashikwaje."

Nilijua inashikwaje.
Nilijua na mtu wa Ndanda atakayetoa arobaini
bila kuuliza imetoka wapi.
Na ulimi wangu, ulimi wa mwezi wa tatu,
ulikuwa umeshasema: "Nne."
"Chukua."
Hivyo tu. Hakunipigania hata mia.
Nilizoea kushinda kwa jasho;
ule haukuwa ushindi, ulikuwa kama kuokota.

Nikachuchumaa. Nikavuta ubao wa kreti la nyanya,
nikaegemeza kichwa cha keke chini ya titi,
nikazungusha.
Krr. Krr. Vumbi likatoka, jeupe, vuguvugu.
Akalichota kwa kidole.
Akakaa kimya mpaka mvua ikapungua.
"Kumbe ndiyo hii," akasema,
"sauti niliyokuwa naamka nayo."

Nilimpa kiasi gani, hilo ni langu na lake.
Chipwaza, aliyeona, anasema nimeharibu soko,
kwamba sasa kila mjane ataleta makoleo ya marehemu
na kutaja bei za Dar es Salaam.
Walete.

Jana nimetoboa mlango wa zahanati,
shimo la tano, la sita, la kumi na moja.
Keke haina chaji; inakula ugali, kupitia kwangu,
na jioni bega langu linadai.

Ile ya kijani ipo rafuni, nimeifunika kitambaa.
Bado naiulizia betri.
Kwa sitini, sitaki. Hamsini, tuzungumze.
Mvua haijaisha.