Kikohozi Katika Wimbo wa Nne

Albamu imetoka Ijumaa.
Nimeletewa nakala na mwenyewe, kwa baiskeli,
imeviringwa kwenye kanga kama mkate wa moto,
hapa barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
kati ya muuza betri na Bi Mwanakombo wa vitumbua.
"Fundi Semkiwa, sikiliza ya nne."
Hakushuka. Mguu mmoja chini, mmoja kwenye pedali,
kama mtu anayedaiwa.

Mimi natengeneza redio.
Nimezifungua nyingi, sijamkuta mtu ndani.

Perusi Mhina nilimjua kabla jina lake halijapata bango.
Alikuja na gitaa lililovunjika shingo,
akitokea kambi ya mkonge, njia ya Muheza,
mkononi elfu tatu na machungwa kumi.
Nikamwambia gundi peke yake elfu tano.
Akaongeza machungwa.

Baba yake alilisha korona miaka kumi na sita.
Mashine ikala majani, ikala na vidole viwili,
wakamhamishia brashi, kwenye vumbi.
Jioni alimfundisha binti gitaa
kwa kunyoosha kidole kisichokuwepo:
"Hapa. Bonyeza hapa."
Naye akabonyeza pasipo na kitu
mpaka pakatoa sauti.

Watu wanauliza, muziki gani huu?
Si taarabu, si dansi, singeli ndiyo kabisa.
Kijana wa redio anasema kantri,
eti ng'ambo wapo wachunga ng'ombe wanaolia hivi.
Ng'ombe siwajui.
Mimi nasikia kwaya ya Magila
imetoka kanisani bila kuvua joho,
imepita dukani kukopa sukari, ikanyimwa,
ikarudi nyumbani inacheka.

Tulirekodi chumba changu cha nyuma.
Magodoro matatu ukutani, feni imezimwa,
Februari, joto lile la Tanga
la kukufanya ulichukie hata shati.
Tulingoja saa nane za usiku, malori ya saruji yapungue.
Mara tisa wimbo wa nne ulivunjika:
jogoo asiyejua saa,
umeme,
Bi Mwanakombo na mwiko wake, anachapa unga,
umeme tena.
Mara ya kumi ukaenda.
Akafika pale anapomwambia mama yake
sanduku lako bado lina ufunguo,
ni sisi tusio na mlango,
na miaka thelathini ya moshi wa kulehemu
ikanipanda kooni.

Niliuma kiganja. Kilikwisha toka.

Dar walitaka kukifuta.
Mtu wa mitambo alisema ni kazi ndogo,
kubofya mara mbili, hata chai haitapoa.
Perusi akamwambia: "Kiache.
Kwetu sijawahi kuimba
bila mtu kukohoa chumba cha pili."

Sikumuuliza ni nani.
Vumbi la singa nalijua, na waliolipumua nawajua,
wengine walinidai na nikashindwa kuwalipa
kwa sababu hawakurudi tena kudai.

Jumamosi ukumbi wa Chumbageni ulijaa, nimeambiwa.
Sikwenda. Nilikuwa na redio saba mezani
na viatu visivyokubali ukumbi.
Bi Mwanakombo alikwenda, akarudi amekauka sauti,
anadai kofi la mwanzo lilikuwa lake.
Sasa wimbo unapita mtaani bila mwenyewe:
kwa kinyozi, kwa wauza nazi,
kwenye simu ya mtoto aliyetumwa chumvi na kusahau chumvi.
Kila ukifika pale, nashika nyundo, najifanya nina kazi.

Leo asubuhi amekuja mzee wa Mikanjuni,
redio kwapani, uso umekunjamana.
"Fundi, hii nimeinunua kwako.
Nyimbo zote inaimba vizuri,
ila huyu binti Mhina akiimba ule wa sanduku,
redio inakohoa."

Nikaifungua mbele yake.
Nikapuliza vumbi, nikagusa waya huu na huu
ili aone kazi, nikafunga skrubu nne.
"Nzima," nikamwambia. "Iache hivyo hivyo."
"Itakohoa tena?"
"Itakohoa."
Akafikiri. Akaipakata redio yake,
akaenda nayo polepole, upande wa kivuli.