Kiatu cha Kulia

Ghorofa ya pili, Ganjoni. Lifti imekufa tangu Shaabani.
Nimepanda ngazi arubaini na mbili,
kila moja nikiinyanyulia goti
kama avukaye dimbwi na suruali ya Idi.

Daktari wa bodi, binti mdogo, ana adabu.
"Inua kidole gumba, baba."
Nikakiamuru.
Mimi, koplo, niliyelaza watu kumi kifudifudi kwa neno moja,
nikakiamuru kidole changu mwenyewe,
nacho tuli, hakina habari.

Chuma kilichoingia nyuma ya goti hakikuzidi punje ya mtama.
Mshipa wa fahamu ukakatika; hodi hazifiki tena chini.
Nyama ipo, mfupa upo, kucha zaota,
Mwanatumu hunikata kila Alhamisi.
Mguu mzima, ila umelala,
nami naubeba kutwa
kama mtoto aliyesinzia harusini.

Akaandika: asilimia ishirini.

Ishirini ya nini? Sikuuliza.
Jeshini hufunzwi kuuliza.
Ni nyumbani, Majengo, hesabu iliponikaa kooni.
Kwenye mdomo wa feri, Likoni, ncha ya kiatu hunasa,
nyuma yangu wakasema mzee kalewa.
Kwenye tahiyatu, mguu wa kulia husimama juu ya vidole;
wangu hulala ubavu,
na kijana wa pembeni hunitazama kama sikupita chuoni.
Hayo je, yamo?
Usiku Mwanatumu huzisikiliza hatua zangu hadi msalani:
ko, pwa. Ko, pwa.
Pwa ikichelewa, huketi kitandani.
Usingizi wake umo katika fungu la nani?

Fundi Ngowa wa Mwembe Kuku hana maswali.
Hukipindua kiatu, hupitisha dole kwenye ncha iliyolika hadi uzi,
hugongea kipande cha tairi.
"Miezi miwili," husema. "Safari hii umekihurumia."

Basi leo nimerudi na gunia.
Vya kulia saba, midomo wazi.
Vya kushoto saba, vyang'aa, vyauzika.
Nimevimwaga mezani kwa karani wa rufaa.

"Mzee, hatupokei viatu. Ni fomu tu."
"Basi andika."
"Niandike nini?"
"Kiatu cha kulia."

Kalamu ikasimama. "Kulia, upande?"

Sikumjibu. Nilikuwa nimeinama,
nikikitafuta kimoja kilichobingirika chini ya meza.